Freni za motokari ya watoto wetu



Juma hili hatuandiki juu ya chakula cha watoto wala juu ya mitihani. Tunaandika juu ya freni, zile plaketi na diski zinazosimamisha motokari. Tunajua wengi mtasema hayo ni mambo ya garaji na ya baba watoto. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka ile siku kwenye barabara ya Lubumbashi.

Tuko wamama sita. Wawili kati yetu ni walimu, wengine wanauza vikwembe, unga na samaki. Motokari ni ya mmoja wetu, Toyota Corolla ya zamani yenye volani upande wa kuume, kama nyingi tunazoziona hapa kwetu. Asubuhi inapeleka watoto shuleni, kiisha inabeba mizigo ya soko, na saa za kutoka shule inawarudisha watoto nyumbani. Kila mwezi tunaweka feza ya mafuta na ya matengenezo katika likelemba moja. Shofere ni kijana wa jirani, mwenye adabu, hanywi.

Kelele ilianza mwisho wa kiangazi. Kila shofere alipokanyaga freni, gurudumu la mbele lililia kama kisu kwenye sahani. Tukasema ni vumbi, maana vumbi la Kikula mnalijua. Baada ya majuma mawili hatukuisikia tena. Watoto ndio walikuwa wakiiiga wakicheza kwenye lupango, na sisi tukicheka.

Ile kelele ilikuwa ujumbe. Kwenye plaketi nyingi kuna ulimi mdogo wa chuma, umewekwa makusudi na waliozitengeneza. Plaketi ikikaribia kuisha, ulimi unagusa diski na kulia, ili mwenye motokari asikie mbele ya hatari kufika. Sisi tulisikia, tukazoea.

Tulipoamua kutengeneza, tulifanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Tulimpa shofere feza, tukamwambia atafute plaketi za bei nafuu. Alirudi na kisanduku cha dola 7. Juu yake kuliandikwa jina kubwa, na muuzaji alikuwa ameapa kwamba ni za orijinali. Fundi wa kando ya barabara akazivalisha kwa nusu saa juu ya diski zile zile za zamani. Kelele ikaisha. Feza iliyobaki tulinunua madaftari, tukajiona wenye akili.

Miezi miwili baadaye tulikuwa tunarudi kutoka Lubumbashi na mizigo ya vikwembe, watoto wawili wakiwa nyuma. Ni kilomita kama 120 za RN1, na mnajua tunazisafiri pamoja na nani: malori ya shaba na malori ya asidi, moja nyuma ya lingine. Kwenye mteremko, karibu kufika, tulikuwa nyuma ya lori lililobeba. Shofere alikanyaga freni, akaachia, akakanyaga tena, mara nyingi. Kwanza pedali ikaanza kutetemeka. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Halafu pedali ikashuka laini, kama kidole kinachoingia kwenye bukari ya moto, na motokari haikupunguza mwendo.

Kijana hakupiga kelele. Alishusha gia, akavuta freni ya mkono polepole, akatuingiza kwenye majani ya pembeni. Kati yetu na mkia wa lori palibaki hatua chache. Hakuna aliyeumia. Mtoto mmoja aliamka akauliza kama tumefika nyumbani.

Siku ya posho tulikutana. Wengine walitaka shofere afukuzwe, wengine walitaka motokari iuzwe. Mwisho mama mweka hazina akauliza: ni nani alimwambia achukue za bei nafuu? Tukanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa limeketi pale pale, sita kwa hesabu. Tukakubaliana kwenda wote kwa fundi mmoja muzee, aliyejifunza kazi zamani katika viwanda vya matengenezo vya Gécamines kule Panda. Alituletea viti. Hilo peke yake lilikuwa jipya, maana garaji nyingi zinamwambia mama akae mbali na soda yake mpaka aitwe kulipa.

Alitoa gurudumu, akatoa plaketi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa diski. "Hii diski ilisha kufa, mama mwalimu. Muko munavalisha kiatu kipya mguu wenye kidonda."

Ili muelewe alichokuwa anasema, lazima tuanze na joto. Freni haili mwendo wa motokari, inaugeuza kuwa joto. Tulipiga hesabu yake darasani. Motokari yenye kilo 1,300 pamoja na watu, ikisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, inatoa joto linalokaribia kutosha kuchemsha lita moja ya maji. Nyumbani kwa makala hiyo ni kazi ya dakika nyingi. Freni inaifanya kwa sekunde chache, na sehemu kubwa inabebwa na magurudumu mawili ya mbele, kwa sababu uzito unaegemea mbele motokari inaposimama. Kwenye mteremko, nyuma ya lori, unaichemsha ile sufuria tena na tena bila kuiacha ipoe.

Diski ndiyo sufuria yenyewe. Ni chuma cha kuyeyusha, kizito, kinachopokea joto na kulitoa kwenye hewa. Ikiwa imelika na kuwa nyembamba, inapata moto haraka zaidi, kama sufuria nyepesi inayounguza wali. Joto likikosa nafasi kwenye diski linaingia kwenye plaketi, na kutoka hapo kwenye mafuta ya freni. Plaketi mbaya inapoteza nguvu ya kushika ikipata moto. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika, kwa hiyo pedali inashuka bila kusukuma kitu. Yote mawili yalitupata siku moja. Ule mtetemo wa kwanza ulikuwa wa diski: unene wake haukuwa sawa pande zote.

Sasa, namna ya kuchagua.

Tuanze na diski, kwa sababu watu wengi wanazisahau na kununua plaketi peke yake. Kila diski ina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na mara nyingi umechongwa kwenye diski yenyewe: herufi MIN TH, kisha nambari na mm. Piga burashi kutu na utaiona. Fundi anapima kwa kipimo chake cha milimita, sehemu kadhaa kuzunguka diski, si sehemu moja. Yetu ilikuwa chini ya nambari ile. Hata bila kipimo kuna vitu jicho la mama linaona. Ukingo ulioinuka kama mdomo wa sahani unaonyesha ni kiasi gani kimeliwa. Mistari mirefu inayokwaruza ukucha, madoa ya bluu ya kuungua, na ufa, hata mdogo kama unywele. Ufa hauna mjadala, diski hiyo inatoka.

Mji wetu una watu wa turu wazuri, na wengi watakuambia: lete, tunaisawazisha. Inawezekana. Lakini turu inapunguza chuma, hairudishi. Kama baada ya turu unene utabaki juu ya ile nambari, na diski ya pili ya upande wa pili ikafanyiwa vilevile, sawa. Kama utashuka chini, umelipa ili kuharakisha kifo chake.

Na za okazyoni, zilizotolewa kwenye motokari zilizovunjwa? Hapa sisi wenyewe hatukukubaliana wote. Mawazo yetu walio wengi ni haya: diski ya okazyoni inaweza kununuliwa kama ni mbili pamoja, zimepimwa mbele yako, hazina ufa, na kutu haijachimba mashimo mahali plaketi inaposhika. Diski nzito ya okazyoni inatupa amani kuliko mpya nyembamba isiyojulikana imetoka wapi. Plaketi za okazyoni, hapana. Hujui ziliungua mara ngapi, wala kama zililowa mafuta.

Diski zenye matundu au mikato, zile zinazong'aa kama za motokari za mashindano, motokari ya kupeleka watoto shuleni haizihitaji. Na etriye iliyopakwa rangi nyekundu haisimamishi motokari mapema zaidi.

Kwa plaketi, jambo la kwanza ni zitoshee. Jina "Corolla" halitoshi. Chini ya jina hilo moja kuna freni za vipimo mbalimbali, kufuatana na mwaka, mota, na nchi motokari ilikouzwa kwanza. Pigeni picha ya kibati chenye nambari ya shasi, na bebeni plaketi ya zamani mkononi mpaka dukani. Toyota inatumia nambari zinazoanza na 04465 kwa plaketi za mbele, 04466 kwa plaketi za nyuma, 04495 kwa garnitire za nyuma, na 43512 kwa diski za mbele. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazosema ni za motokari gani. Muuzaji mzuri atafurahi ukimpa nambari. Asiyetaka kuiangalia, sisi sasa tunamshukuru na kwenda duka linalofuata.

Jambo la pili ni aina. Kuna za nyuzi na utomvu, ambazo ni laini na kimya, lakini zinachoka kwenye mteremko mrefu. Kuna zenye unga wa chuma ndani, zinazovumilia moto zaidi, ila zinapiga kelele kidogo na kuila diski. Kuna za seramiki, kimya na zenye vumbi kidogo, na bei iko juu. Kwa motokari inayozunguka Kikula tu, za kwanza zenye ubora zinatosha. Sisi, kwa ajili ya RN1 na mizigo, tulichagua zenye chuma kiasi, tukakubali kelele yake ndogo ya asubuhi.

Jambo la tatu ni kuzifungua kisandukuni. Msinunue kisanduku, nunueni kilichomo. Plaketi nne zifanane rangi na unene. Ile sehemu inayosugua, ambayo fundi wetu anaiita nyama, iwe imeshikamana na bamba la chuma bila nafasi hata ya wembe, na pembeni isimomonyoke ukiikwaruza kwa ufunguo. Ile ya dola 7 ilikuwa ikiacha unga kwenye vidole kama chaki ya bei rahisi, na sisi walimu ndio tungepaswa kulitambua hilo wa kwanza! Tafuteni maandishi kwenye plaketi yenyewe: nambari ya piesi, jina la mtengenezaji. Kwa zilizokubaliwa kufuatana na sheria ya Ulaya kuna herufi E ndani ya duara pamoja na nambari, na karibu yake 90R. Nyingi zina pia herufi mbili pamoja, kama EE, FF au GG. Zinaonyesha nguvu ya kushika, ya kwanza ikiwa bado haijapata moto sana, ya pili ikiwa na moto. E iko chini, F katikati, G juu. FE maana yake inapungua ikipata moto, na huo ndio wakati unaoihitaji. Maandishi yanaweza kuigwa, tunajua. Lakini mwigaji mvivu anaandika kwenye kisanduku tu, ndani hakuna kitu.

Jambo la nne ni amianto. Zamani plaketi nyingi ziliwekwa nyuzi za amianto, kwa sababu zinavumilia moto. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya ulikataza tangu 2005, Afrika ya Kusini mwaka 2008, na Marekani iliamua mwaka 2024 kukataza ile aina iliyokuwa bado inatumika. Tafuteni maneno ya kusema haina amianto. Na hata yakiwepo, fundi asipulize vumbi la freni kwa mdomo wala kwa hewa ya mashine. Alilowanishe kwa maji na kulifuta kwa kitambaa cha kutupa. Watoto wasikae karibu, hata kama wanapenda garaji, na wanaipenda sana.

Plaketi mpya ina nyama ya milimita 10 hivi. Ikibaki 3, inabadilishwa. Inabadilishwa kuume na kushoto pamoja, siku moja. Fundi akikuambia upande mmoja bado mzuri, acha tuweke mmoja, mkatalie kwa heshima: motokari itavuta upande mmoja siku ya mvua. Na kama upande mmoja umeisha haraka kuliko mwingine, uliza kwa nini. Mara nyingi ni vijiti vya etriye vilivyokauka, haviteleze. Visafishwe na kupakwa grisi ya freni, si grisi yoyote.

Tuseme pia juu ya mafuta ya freni, maana hayo ndiyo yaliyotuangusha. Yana tabia ya chumvi ya jikoni wakati wa masika: yanavuta maji kutoka hewani. DOT 3 mpya hayachemki mbele ya digrii 205, lakini yakishavuta maji kiwango chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230, na 155 yakiwa na maji. Kwa hiyo yanabadilishwa kila miaka miwili, hata kama chupa imejaa. Yetu yalikuwa meusi kama chai ya jana. Hakuna aliyekumbuka yalibadilishwa lini. Na msikubali mtu aongeze mafuta ya mota mahali pake, hata siku moja. Yanavimbisha mipira yote ya freni na kuiharibu.

Siku ya kuvalisha tulikaa pale pale mpaka mwisho. Fundi alifuta diski mpya mafuta ya kiwandani, maana plaketi mpya zikilowa mafuta hayo zinaharibika siku ya kwanza. Hakuacha etriye ining'inie kwa mpira wake, aliifunga kwa waya. Mbele ya motokari kusogea alimwambia shofere apige pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Hilo mliandike, kwa sababu baada ya plaketi kubadilishwa mguu wa kwanza unashuka hadi chini, na kuna watu waliotoka garaji moja kwa moja hadi ukutani. Kisha wakaenda pamoja kwenye barabara tupu. Mara kumi hivi walipunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 20 bila kusimama kabisa, wakiacha nafasi ya kupoa katikati, ili plaketi na diski zizoeane. Kilomita 200 za kwanza shofere aliambiwa aende kwa upole.

Nyuma motokari yetu ina ngoma na garnitire. Zilifunguliwa, zikapimwa, zilikuwa nzuri, zikafungwa.

Hesabu tuliisoma kwenye mkutano, na tunaiandika hapa kama ilivyo. Plaketi za mbele dola 25, diski mbili dola 60, mafuta ya freni dola 6, kazi ya fundi dola 15. Jumla dola 106. Mama mmoja alihuzunika kwa sauti, na alikuwa na haki, kwa sababu duru yake ya likelemba ilisogezwa mwezi mmoja, naye alikuwa na mtoto wa kulipia shule. Tulimkopesha kati yetu. Ile dola 7 hatukuihesabu ndani ya jumla, tuliiandika peke yake chini ya ukurasa.

Shofere yuko bado kazini. Tulimwomba msamaha mbele ya wote, naye akaona haya akaangalia chini. Sasa ana daftari dogo ndani ya motokari: tarehe, kilomita, unene wa plaketi, rangi ya mafuta, na kelele yoyote mpya hata kama anaona ni upuuzi. Kwenye miteremko anashusha gia mapema, kabla ya freni, na ameongeza nafasi kati yake na malori.

Diski ya zamani hatukuiuza kwa wanunuzi wa vyuma. Iko juu ya meza kwenye chumba tunachokutania, karibu na sanduku la likelemba. Siku ya posho ijayo mama yeyote anaweza kupita, apitishe kidole kwenye ule ukingo, na akiwa na motokari nyumbani aje na picha ya kibati cha shasi. Fundi ameahidi kuja na kipimo chake.